Darasa la Kiingereza la jioni pale Ilala: nilichopata kwa elfu tisini

Mimi nauza viatu vya jumla Kariakoo, fremu ya ndani kidogo ukitokea Mtaa wa Aggrey, mwaka wa kumi na moja huu. Wateja wangu wakubwa si watu wa Dar. Ni Wazambia, Wamalawi, Wakongo wa Lubumbashi na Wakomoro. Wakongo na Wakomoro tunaokoteza Kiswahili mpaka tunaelewana. Wazambia na Wamalawi wanataka Kiingereza, na changu ni cha kidato cha nne, cha kujibia mtihani. Kilichobaki nimekiokota hapo hapo dukani: "how many dozen", "last price", "no credit, my sister". Kimenivusha miaka yote hiyo. Kikaniangusha mwezi wa pili mwaka huu, kwa neno la herufi nne tu.

Nina wateja wa Kitwe, Zambia, dada na mdogo wake. Wanakuja mara mbili kwa mwaka, kwa basi kupitia Tunduma. Mkubwa ndiye mwenye jicho: anakunja soli, ananusa gundi, anahesabu pea moja moja hata kama katoni bado ina mkanda wa kiwandani. Mdogo kazi yake ni kushika hela na kucheka. Safari hiyo akaja mdogo peke yake. Nikamuuliza, "Where is sister?" Akajibu taratibu, "My sister is late."

Nikacheka. Nikamwambia, "No problem, we wait, we close at six," nikavuta stuli ya pili, nikaipangusa vumbi kwa upindo wa kanga, nikaiweka kando yake. Yule dada akaitazama ile stuli, asiseme neno. Akaanza kuchagua mzigo kimya kimya, akinusa gundi kama alivyokuwa akifanya mkubwa wake. Nusu saa nzima mimi nachungulia njiani. Kijana wangu wa stoo, aliyewahi kubeba mizigo Nakonde, upande wa Zambia ukivuka mpaka wa Tunduma, ndiye aliyenivuta pembeni: "Bosi, huyo hajachelewa. Amefariki."

Wiki iliyofuata nikajiandikisha.

Jina la darasa naliacha, maana nina ya kusifu na ya kulaumu, na mwalimu ana watoto wanaosoma. Liko Ilala, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya umeme. Kutoka dukani kwangu nashika Barabara ya Uhuru, dakika ishirini kwa mguu, napita Karume nikijizuia nisisimame kwenye mitumba. Ada ni shilingi 90,000 kwa wiki sita, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 12:30 jioni mpaka saa 2:00 usiku. Kijitabu cha fotokopi unalipia 5,000 pembeni, na hilo hawakuambii mpaka umeshalipa ada. Tulikuwa watu ishirini na tatu na feni moja. Ukienda, kaa upande wa dirishani. Upande wa ukutani jasho litakusomesha lugha nyingine kabisa.

Sasa lile la saa. Kwenye bango la nguzoni wameandika saa 12:30 "kamili". Katika vipindi kumi na nane nilivyohudhuria, mwalimu aliwahi mara nne. Adhana ya Magharibi inaingia, wanaoswali wanashuka, wanaswali, wanapanda, wanamkuta bado hajafika. Mama wa mihogo ya kukaanga pale chini ndiye aliyenufaika, mimi mwenyewe nimemwachia hela nyingi. Nilivumilia kwa sababu biashara yangu imenizoesha. Mteja wa Lusaka akikwambia anakuja "at ten", lazima kwanza ukumbuke ten yake ni saa nne yetu, halafu ukumbuke Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja, na kama kapiga simu bado yuko kwao hujui anahesabu ya wapi. Lakini mwalimu anatoka Tabata. Yeye na sisi saa yetu ni moja.

Hata hivyo, siku alipofundisha hilo neno nililolifuata, nilimsamehe karibu yote.

Ilikuwa wiki ya tatu. Kaka mmoja wa bajaji alichelewa, akaingia na kuomba radhi kwa Kiingereza: "Sorry teacher, I have lated." Tulicheka, lakini mwalimu hakucheka. Akafuta ubao wote, hata mambo ambayo wengine walikuwa hawajamaliza kunakili, akaandika katikati herufi kubwa: LATE. Akauliza, "Kwa nini amesema 'I have lated'?" Kimya. Akasema: kwa sababu anafikiri sawasawa, ila kwa Kiswahili. Sisi kuchelewa ni kitenzi. Ni jambo unalifanya, kama kukimbia au kula: nimechelewa, utachelewa, usichelewe. Mwingereza hafanyi. Yeye *ni* late, kama vile mtu ni mrefu au ni mgonjwa. Kwa hiyo neno lenyewe halivai wakati wala nafsi. Anayebeba wakati ni yule "am", "was", "will be" anayetangulia. Late imekaa pale kama mzigo mgongoni, anayetembea ni punda.

Hapo nikamwelewa vizuri kuliko miaka minne ya sekondari. Nilikumbuka nimewahi kumwandikia mtu "container will late". Punda nilimsahau.

Kisha akatuambia asili yake, na hii hapa ndiyo sehemu ninayosema inastahili hela. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, Kiingereza cha kale kilikuwa na neno "læt", na maana yake haikuwa kuchelewa bali kwenda polepole, mwendo wa kobe. Neno hilo likazaa mara mbili. Uzao wa kwanza ni "latter" na "last". Hiyo "last" zamani ilikuwa "latost", watu wakaitamka kwa haraka karne kwa karne mpaka katikati ikamezwa. Uzao wa pili, wa baadaye, ni "later" na "latest". Ndiyo maana neno moja lina sura mbili za kulinganisha na mbili za kupita yote, na kila moja imeenda kuishi na maana yake. "Later" ni baadaye. "Latter" ni cha pili kati ya viwili vilivyotajwa. "Latest" ni kipya kuliko vyote mpaka sasa. "Last" ni cha mwisho.

Aliposema hayo nikahisi uso unawaka moto, maana nilikuwa na ushahidi kwenye simu.

Kariakoo kila mtu anajua "last price". Ndiyo "bei ya mwisho" yetu, hata mtoto wa chips anaijua. Sasa mimi kwa akili yangu, kama bei ya mwisho ni "last price", basi mzigo wa mwisho kushuka ni "last container". Mwaka jana, Novemba, nilipiga picha raba mpya kabisa, bado ziko na karatasi ndani, nikawatumia wateja wote wa nje: "Our last container, very nice." Mzambia mmoja akanijibu kwa pole nyingi. Akaniuliza biashara imeharibikia wapi. Halafu akaomba, kwa kuwa nafunga duka, nimpunguzie nusu bei achukue zote. Mimi nikaona ananidharau, nikamjibu vibaya, na mpaka leo hajarudi. Kumbe mtu wa watu alikuwa ananisaidia kufilisika kwa heshima.

Kosa hilo si la ujinga, na mwalimu alikiri. Kiswahili "ya mwisho" inabeba yote mawili. Ukisema barua yake ya mwisho, inaweza kuwa aliyoandika juzi na nyingine inakuja, au aliyoandika kabla hajafa. Tunaelewa kwa mazungumzo. Kiingereza kimezigawa, na ukichanganya unajifungia duka mwenyewe. Kuhusu "last price" akasema Kiingereza safi ni "best price". Nikamwambia mwalimu, hiyo nikiisema sokoni wataanza kuniuliza ni best kwa nani. Darasa likaangua kicheko, naye akaendelea.

Kitu kingine nilichobeba kutoka kipindi hicho ni "at the latest". Kama unafanya biashara ya kutuma mizigo, maneno hayo matatu peke yake yanarudisha ada. Nilikuwa nikitaka mtu amalizie deni mwisho Alhamisi naandika "balance pay last Thursday". Wenzangu, hiyo ni Alhamisi iliyopita! Kuna Mmalawi alinijibu "Thank you for confirming", akanyamaza wiki mbili, na mimi namwona tapeli. Sasa naandika "by Thursday at the latest", yaani isivuke Alhamisi, na watu wanalipa. Si wote.

"Lately" aliipitia kwa mfano mmoja tu: kaka wa bajaji, ambaye siku hiyo mzigo wote ulikuwa wake, akasema "I came lately because of foleni", mwalimu akamuuliza, "Kwa hiyo siku hizi ndiyo unakuja?" Maana "lately" ni siku za karibuni. Ukitaka kusema ulikuja kwa kuchelewa, "I came late", basi, hauongezi kitu. Inaudhi, kwa sababu wiki mbili nyuma alitufundisha kwamba maneno ya namna hiyo yanavaa "ly" mkiani, na hii imekataa. Hakueleza kwa nini. Alisema zikariri.

Kwenye matamshi darasa hili ni dhaifu. Hakuna spika, hakuna cha kusikiliza, ni mwalimu na sisi. Siku moja nikajitia ufundi, Mmalawi akaniuliza nina rangi gani, nikasema "black and brown, but the latter is finished". Akachukua boksi, akaligeuza pande zote, akaniuliza, "Which letter?" Alikuwa anatafuta herufi. Nilimtamkia "leta", nadhani, ambayo kwetu ni barua, na kweli barua huletwa, lakini yeye alihitaji kusikia "lata". Na "later" ni "leita". Maneno matatu yanapishana kwa irabu moja, na fotokopi haitoi sauti. Nimerudia "brown is finished" na maisha yanaendelea.

Sasa nifike kwenye lile lililonipeleka.

Jumatano moja mwalimu akafika kwenye maana ya marehemu. Akaeleza vizuri, simnyimi haki yake: "late" kabla ya kumaanisha maiti ilimaanisha "hivi karibuni", yule aliyekuwepo mpaka juzi. Tangu karne ya 15 Waingereza wakaitumia kwa waliofariki. Sharti lake, akasema, ni pa kukaa. Ikikaa mbele ya jina la mtu au cheo chake ni marehemu: "my late sister", "the late Mwalimu Nyerere". Ikikaa nyuma ya "is" ni kuchelewa tu: "my sister is late", dada yangu amechelewa. Akapigia mstari mara mbili.

Nikanyoosha mkono, nikasimulia habari ya stuli. Darasa likanyamaza. Mwalimu akasema, "Pole sana mama, lakini huyo mteja wako amekosea. Alitakiwa aseme 'my sister died' au 'passed away'."

Amekosea! Mtu amefiwa, amepanda basi siku mbili, amekuja kununua viatu kwa hela aliyokuwa anaigawana na dada yake, halafu mimi ndiye nimemwekea stuli ya maiti, na aliyekosea ni yeye.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa safu ya nyuma, mstaafu, miaka yake yote kafanya kazi Tazara. Anasoma ili ampigie simu mjukuu aliye Uingereza ambaye Kiswahili kimempotea. Akasimama, na akisimama mzee huyo hata feni inasikiliza. "Mwalimu, mimi nimekaa kwenye reli ile, Dar mpaka Kapiri Mposhi. Kuanzia Nakonde kwenda mbele, ukisikia mtu anaambiwa 'he is late', vua kofia kwanza, ndipo uulize kachelewa au vipi." Akaongeza kwamba hata Botswana na Afrika Kusini wanasema hivyo hivyo, na si wajinga wasiosoma, ni wahasibu na walimu.

Mwalimu hakukubali. Alisema kwenye mtihani itakatwa. Inawezekana. Lakini darasani mle hakuna hata mmoja aliyekuwa na mtihani. Mimi nina wateja, mzee ana mjukuu, dada mmoja anapokea wageni hotelini, kaka ana bajaji. Kiingereza tutakachokutana nacho asubuhi hakitoki London, kimeshuka Tunduma na mabegi ya shangazi kaja. Namna ya Uingereza nataka niijue, tena vizuri, maana ndiyo iliyo kwenye kijitabu changu cha 5,000. Na ya Zambia nayo nataka niijue, kwa sababu ndiyo inayonilipa. Kusema ya watu ni makosa halafu ukageuza ukurasa, hapo ndipo nilipokata nyota moja na nusu.

Mjadala uliofuata ulikuwa mtamu kuliko somo. Dada wa hoteli akauliza mtu anaendelea kuwa "late" mpaka lini. Nyerere alifariki 1999 na bado wanaandika "the late". Je, Mkwawa, aliyekufa 1898, naye ni "the late Chief Mkwawa"? Mwalimu akasema hapana, itasikika vibaya, neno hilo ni la wale ambao bado kuna watu walio hai waliowajua, au pale ambapo msikilizaji huenda hajapata habari. Hakuna rula. Kaka wa bajaji akaandika "late president" akimaanisha rais aliyestaafu, yuko hai na anakunywa chai kwake, na mwalimu akamwambia afute haraka kabla hajaitwa mahali. Hiyo ni "former".

Nilikaa nawaza njia nzima kurudi. Sisi tunasema marehemu, na ndani ya neno hilo mna rehema, tunamwombea mtu bila hata kukusudia. Kwa wakubwa tunasema hayati, neno lililotoka kwenye uhai. Mwingereza anasema tu alikuwepo hivi karibuni. Sijui kwa nini, lakini nilipoielewa hivyo, jibu la yule dada wa Kitwe halikunisikika tena kama fumbo. Hakusema dada yake amechelewa wala amekufa. Alisema ni juzi tu.

Mengine kwa kifupi. Choo kipo, ufunguo anao mwenye duka la umeme, saa moja anafunga, kwa hiyo panga mambo yako. Mwalimu anaita kila mwanamke "mama", hata binti wa miaka kumi na tisa, nao hawapendi. Ukutani wamebandika "Better late than never" kwa herufi za dhahabu, na siku mwalimu alipochelewa dakika arobaini mtu mmoja akaandika chini yake kwa kalamu "Chelewa chelewa utakuta mwana si wako". Kesho yake mwingine akaongeza "Kawia ufike". Hakuna aliyefuta. Naamini mwalimu ndiye mwandishi wa ile ya tatu, maana "k" yake naijua.

Je, uende? Kama unaanza kabisa, hapana, atakuacha. Anakwenda kasi akishafika. Kama una Kiingereza cha kuokota kama mimi na unataka mtu akupangie kabati, nenda, ila usiende mikono mitupu. Nenda na meseji zako mwenyewe kwenye simu, zile ambazo watu walikuelewa vibaya. Ukimpa sentensi yako halisi mwalimu huyu anachangamka, anasahau kijitabu, anakuwa mtu mwingine. Ukimwacha na fotokopi mtalala wote. Mimi nyota tatu na nusu nimempa kwa ajili ya ile Jumatatu ya ubao uliofutwa.

Yule dada wa Kitwe alirudi mwezi wa saba. Nilikuwa nimejiandaa, "I am sorry about your late sister", nimeipanga mbele ya kioo, neno mahali pake panapotakiwa. Alipoingia nikasema, "My sister, I am sorry. That day I did not know she is late." Ilitoka hivyo, ya kwao. Akanishika mkono, akavuta stuli zote mbili, moja akakaa, ya pili akaweka mkoba wake, tukaanza kuhesabu pea.

Ah, cheti. Waliniahidi cheti "by Friday at the latest", mwalimu kaandika mwenyewe kwenye meseji, sarufi haina doa. Leo ni Jumanne ya pili tangu Ijumaa hiyo.